Mara ya Tatu

Minnesota Kaskazini,
19 Januari

Kwako dada yangu Verna,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba joto la Arizona linawafaa wewe na shemeji Lowell. Mimi ni mzima, kwa maana ya kwamba naamka na ninakula. Theluji imefika kwenye madirisha ya chini, na boti ya marehemu Orrin iko palepale pembeni ya gereji, chini ya turubai lake. Haijapata mnunuzi. Nani ananunua boti Januari?

Kina mama wa kanisani hawajaniacha. Tangu mazishi ya mume wangu wananiletea mabakuli ya viazi na nyama, nami napokea kama Mama alivyotulea: nakataa mara ya kwanza, nakataa ya pili, ya tatu nasema haya, kidogo tu. Unakumbuka siku ile kwa akina Nygaard ulipochukua kipande cha keki walipokukaribisha mara moja tu? Mama hakusema nawe njia nzima. Ulikuwa na miaka sita.

Najua unachongoja kusikia. Umepiga simu mara nyingi kuuliza kesi imefika wapi, na kila mara nimekuzungusha. Kwenye simu nimeshindwa, ndiyo maana naandika.

Orrin alipostaafu kazi kwenye kiwanda cha karatasi, baada ya miaka thelathini na minane, ilibidi achague. Ama achukue pensheni nono ambayo ingekoma siku anayofumba macho, ama achukue iliyopungua kidogo ili mimi niendelee kupata nusu yake nikibaki mjane. Alichagua ile nono, akanunua boti, akaishi miezi kumi na minne. Chaguo hilo halipiti bila mke kutia sahihi mbele ya karani wa pensheni, na karani mwenyewe ni Bev Haugen, yule niliyeimba naye kwaya. Jolene mwanangu alipojua kwamba sitapata hata senti ya pensheni hiyo, alilia, kisha akatafuta wakili. Wakili akasema mlango uliobaki ni mmoja tu: niape kwamba Orrin alinificha na Bev hakunieleza, ili sahihi yangu itenguliwe. Bev amebakiza miaka miwili naye astaafu, na kiapo hicho kingemponza kazi.

Nawe siku ya mazishi, habari ya ile sahihi ikiwa imekwisha kuenea, tulipokuwa tukinywa kahawa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, ulimwita Orrin mwizi mbele ya watu, nami nikanyamaza. Bev alikuwa ameleta trei ya keki za limau. Akakaribisha watu mara moja, mbili, tatu, na hakuna aliyegusa hata kipande. Nilimwona akiifunika na kuondoka nayo imejaa ilivyokuja. Hata hapo nilinyamaza.

Jumanne iliyopita wakili alinisomea kile kiapo. Kilikuwa kimeandikwa vizuri sana. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mnyonge aliyemwamini mumewe na kutia sahihi kitu asichokielewa, na nilimwonea huruma kweli. Kisha nikaweka kalamu mezani nikasema huyo si mimi.

Verna, nilijua. Nakwambia wewe sasa kama nilivyomwambia wakili. Orrin aliniuliza. Tulikuwa jikoni, fomu iko mezani katikati ya vikombe, akaniambia, "Arlys, mimi nikitangulia si utataka kitu cha kukushika mkono? Tuchukue hii ndogo?"

Nikamjibu, "Wala usijali, mimi nitajimudu."

Akakoroga kahawa yake isiyo na sukari. Baba yake alikufa miezi saba baada ya kustaafu, hajafaidi kitu, na Orrin alikuwa na hofu hiyo tumboni tangu ujana wake. Nilijua boti ilikuwa na maana gani kwake. Akauliza tena, "Una hakika?"

Nikasema, "Kula pesa yako, mzee, umeitolea jasho."

Nikangoja. Nilifuta meza, nikapanga vyombo, nikarudi nikakaa, nikangoja aniulize mara ya tatu ili nikubali. Naye amelelewa hapahapa, kanisa moja na sisi. Hakuuliza. Alivuta gazeti lenye picha za boti akaanza kusoma. Mpaka leo sijui kama aliamini majibu yangu, au alijua fika jibu la tatu lingekuwa nini.

Wiki nzima niliwaka kwa hasira na hakuna aliyeona. Ofisini Bev alieleza kila kitu mara mbili, akaweka kidole chini ya sentensi yenyewe, akasema nikitaka naweza kwenda na fomu nyumbani nikafikiri. Nilimtazama Orrin. Alikuwa akitazama kofia yake. Nikatia sahihi kwa herufi kubwa, kalamu karibu itoboe karatasi. Nilitaka aone aibu. Nilimkomoa mume wangu kwa uzee wangu mwenyewe, naye akaniambia ahsante, akanipeleka kula samaki.

Jumanne ile tulipotoka kwa wakili, Jolene hakusema nami mpaka tulipofika nyumbani. Alipozima gari ndipo aliposema, "Ulitaka uonekane mwema, mama. Haya, kula huo wema wako." Kesi imekwisha. Pensheni ya uzeeni ninayopewa na serikali haitoshi mkopo wa nyumba pamoja na mafuta ya kupasha joto, kwa hiyo nyumba inauzwa, na natakiwa niwe nimetoka kabla Aprili haijaisha.

Jana nilikwenda kwa Bev kumwomba radhi. Alinisikiliza mlangoni, nikiwa nimesimama kwenye theluji, mpaka nikamaliza. Akauliza kama nitaingia ninywe kahawa. Nikasema hapana, nisimsumbue. Akasema, "Haya," akafunga mlango.

Basi usimwite tena Orrin mwizi. Sisemi nimemsamehe. Kila asubuhi nikiiona ile boti natamani niitie kiberiti, halafu nakumbuka alivyokuwa akicheka akiiendesha, na hasira inanirudia mimi mwenyewe.

Nisalimie shemeji Lowell, na yule jirani yenu anayewagawia machungwa. Kile chumba chenu cha nyuma, kinachotazama mlimau, ulinitajia siku ya mazishi nikasema hapana, nitawabana. Krismasi ulinitajia tena kwenye simu, nikasema hapana, hapa kwangu pananitosha. Siombi kitu, Verna, wewe unanijua. Nakukumbusha tu kwamba umeshaniuliza mara mbili.

Mimi mdogo wako,
Arlys