Naogopa Nyuki, Mke Wangu Anadhani Nina Hawara

Shikamoo Bi Sabaha, mshauri wetu, nakuandikia nikiwa nimejificha nyuma ya ghala, naomba sana unisaidie, maana jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu ana kwa ana.

Mimi ni dereva wa tingatinga hapa Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, au niseme nilikuwa dereva, kwa sababu miezi minne iliyopita tulikuwa tunang'oa miti kwa mnyororo, tingatinga langu huku na la mwenzangu Gaudens kule, mnyororo katikati, tukaangusha mti mmoja wenye shimo, kumbe ndani wamo nyuki, nao hawakuuliza nani kaanza, wakanivaa kichwa na mgongo, nikaruka chini nikakimbia, tingatinga likaendelea peke yake mpaka likalala juu ya choo cha msimamizi, ambacho namshukuru Mungu hakikuwa na mtu.

Uvimbe uliisha kwa wiki moja lakini mimi sikupona, tangu siku ile nikisikia injini inanguruma naona nyuki wanakuja, moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, pumzi inakatika, hata nyumbani alipita nzi mmoja tu nikaingia chini ya kitanda, na mke wangu Mwanne aliponiuliza nikasema natafuta kiatu. Msimamizi alinihurumia akanihamishia ghalani kushona magunia, lakini Mwanne sikumwambia, kwa sababu siku aliponikubali watu wote wa kwao Mandawa walimsifu kwamba amepata mwanaume anayeangusha miti, sasa nitamwambiaje kwamba siku hizi nashona, basi kila jioni kabla ya kurudi najipaka grisi kifuani na mikononi ili nionekane nimetoka kwenye tingatinga, na nilijiona nina akili mpaka juzi aliponizungusha kama anayekagua mbuzi wa kununua, akaona mgongo safi, akasema, "Huyo mwanamke wako anakupaka mbele tu, nyuma anachoka?"

Nikanyamaza, naye kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndiyo, ameshatuma ujumbe kwa mjomba wake, Mzee Amiri, aje mwisho wa mwezi amchukue yeye na watoto wetu wawili, na kwetu sisi Wamwera mjomba akishasimama, maneno yamekwisha. Gaudens naye ni Mngoni, mtani wangu, kila akipita ghalani ananivumia "vuuuu" sikioni, watu wanaangua kicheko, na mtani hakasirikiwi, kwa hiyo nacheka nao.

Mama, nimefikiri sana nikaona bora nikubali mbele ya mjomba kwamba ni kweli nina hawara, niombe radhi yaishe, kwani mwanaume mwenye hawara husamehewa, lakini mwanaume anayekimbia nzi atasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Shida ni kwamba hawara sina. Nishauri nimtaje nani, asiwe na mume mkali.

Ni mimi, Mshona Magunia, Nachingwea.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaweka kalamu chini. Mara ya pili sikucheka.

Usimtaje mtu! Yaani unataka kuvunja nyumba yako kwa dhambi ambayo hata raha yake hukuipata? Na huyo mwanamke utakayemsingizia, yeye amekukosea nini?

Sikiliza. Huna wazimu wala hukurogwa. Mwili wako uliumizwa, ukajifunza kwamba mngurumo ni hatari, na sasa unakulinda hata pale pasipo na adui. Wahenga walilijua hilo zamani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi mwenyewe nilikutana na nyoka kisimani nikiwa mwali, na mwaka mzima sikuteka maji bila mtu wa kunitangulia. Kuogopa si aibu. Aibu ni ile grisi.

Nenda kwanza hospitali, wakusikilize moyo, ujue kwamba ni mzima. Kisha ujifunze kupumua, na usinicheke. Vuta pumzi polepole mpaka tumbo litoke, halafu itoe taratibu zaidi, kama unayepoza uji wa mtoto. Fanya hivyo asubuhi na jioni hata ukiwa umetulia, maana hakuna anayejifunza kuogelea siku ya mafuriko.

Halafu mwite Gaudens. Wewe Mmwera mzima umesahau nusu ya utani? Mtani hakupewa ruhusa ya kukucheka bure. Siku ya msiba yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi, na yeye ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka wameze tonge. Mwambie bila kutabasamu: "Mtani, nimefikwa, njoo utumike." Hapo hana pa kukimbilia. Siku ya kwanza kaeni juu ya tingatinga lililozimwa, mpige soga tu. Siku nyingine aliwashe, wewe usimame mbali upumue, kisha msogee kidogo kidogo. Usiondoke moyo ukiwa bado unadunda. Ngoja utulie ndipo uondoke, la sivyo hofu itajisifu kwamba imekufukuza. Na hiyo "vuuuu" yake akuvumie hapo, ukiwa unajua inakuja, mpaka ikuchoshe. Itachukua wiki nyingi, pengine miezi. Ukirudi kwenye usukani, vizuri. Ukibaki kwenye magunia, vizuri pia, watoto hawali sifa za miti.

Mzee Amiri usimhofu. Ni mkulima gani wa Mandawa asiyewahi kukimbizwa na nyuki? Akifika mkaribishe, umweleze yote, hata la choo. Lakini Mwanne asilisikie jambo hili pamoja na mjomba wake. Alisikie kwanza, alisikie kwako. Yeye halilii tingatinga, baba. Analia kwa sababu kila jioni anampokea mume bila kujua ametoka wapi.

Mwambie leo. Nasema leo kwa kuwa jina lako umelificha vizuri sana, lakini la mkeo umeliandika, la mtani wako umeliandika, la mjomba umeliandika, na mhariri ameyachapa yote kabla sijamzuia. Na gazeti hili, kama ujuavyo, pale sokoni kwenu husomwa kwa sauti. Kwa hiyo likunje sasa hivi, kurasa nyingine utazisoma kesho. Nenda nyumbani, na utembee haraka.