Barabara Yetu Imepandishwa Daraja

Posta ya Mikinduri,
Meru.
14 Agosti 1988

Mpendwa dadangu Makandi,

Hujambo huko Botswana? Shemeji yangu Mwalimu Riungu ni mzima? Watoto wanakula vizuri? Sisi tuko wazima, isipokuwa hili goti langu, na hilo unalijua tangu zamani. Mama ana nguvu. Ni masikio tu yamepungua, na hata hayo nashuku anayafunga akitaka.

Karwirwa wa duka amegombana na kwaya yote, lakini hiyo nitakwambia ukikuja, ni ndefu. Leo ni maneno ya barabara.

Mwezi wa tano chifu aliita baraza akasoma barua ya serikali, eti barabara yetu imepandishwa daraja, sasa itakuwa barabara kuu. Tulipiga makofi sana. Tukirudi nyumbani watu wakaanza kuulizana, hilo daraja litavuka nini na hapa hakuna mto? Mutembei kinyozi, na ule ujuaji wake, akasema, "Si litapita juu ya nyumba zenu, kama ya Nairobi." Tukakubali.

Basi wapimaji walipokuja kupaka X nyekundu kwa ukuta wa Mama, yeye aliwapikia chai. Alijua hapo ndio nguzo ya daraja itasimama. Karwirwa hakupakwa X, akanuna wiki nzima.

Juzi ndio injinia amefika, kijana mpole wa Embu anaitwa Kivuti. Akamwita Mama nyanya kwa heshima, akasema, "Cucu, hii nyumba itabomolewa mwisho wa Novemba." Mama akamuuliza, "Na daraja je?" Hapo ndio alitueleza hakuna daraja la kuvuka. Ni daraja kama darasa la shule, barabara imetoka la chini ikaenda la juu, na ikifika juu inanenepa. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mama hakucheka. Makandi, chumba chako kiko vile ulikiacha, miaka tisa anakifagia. Ndugu yetu Mithika anamjengea ingine kule juu karibu na kanisa, ya mabati mapya, lakini Mama anasema hiyo hujawahi kulala, utaingia kama mgeni. Anataka ulale hii ya zamani, hata siku moja tu, kabla tingatinga haijakuja. Hajanituma nikuandikie. Nimejituma mwenyewe, kwa sababu mimi pia nimechoka kuongea na kitanda chako.

Kivuti alimwonea huruma, akajaribu kumfurahisha. "Cucu, lami ikiisha, kutoka Meru mpaka hapa ni nusu saa tu."

Mama akasema, "Na kutoka kwa Makandi?"

Kijana aliangalia chini, halafu akaniangalia mimi. Mimi nikaenda kutafuta kalamu. Sasa hilo swali nakuachia wewe.

Mithika na mkewe Gacheri wanakusalimu, na wanataka kujua kama watoto wako wanasikia Kimeru. Mama hajasema nikupe salamu zake. Amesema hizo atakupa kwa mkono.

Mungu awachunge, awafungulie njia.

Ni mimi dadako nisiyechoka kukupenda,

Celina