Kila Asubuhi Namfuta Shangazi

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana naogopa na sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni msichana, nipo mwaka wa mwisho chuo cha sanaa, upande wa uchoraji, na naishi kwa shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye kazi yake ni kuwapigia watu nguo pasi hapa hapa nyumbani, na ndiye aliyenipa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa ili nipate mwanga, yeye na meza yake wakahamia koridoni ambako akigeuka tu kiwiko kinagonga ukuta.

Mwalimu wetu hana wimbo mwingine, chora kila siku, usisubiri mpaka ujisikie, na mimi nimechora kila siku, naapa, mpaka shangazi anajigamba kwa wateja, "Mwanangu huyu si mchezo, hata jua halijachangamka yeye yuko na brashi," lakini mshauri, mwaka mzima nimechora juu ya ubao mmoja tu. Namchora shangazi akipiga pasi. Jioni picha inakuwa imekamilika, mara nyingine nzuri mpaka nashtuka mwenyewe, halafu asubuhi nikiingia nauona ubao mpya ninaotakiwa kuanza, mweupe, umeegemea ukuta, najiuliza je, nikianza nisipate kitu, je, ile ya jana ilikuwa bahati tu, basi narudi kwenye ule wa zamani, napaka rangi juu ya uso wa shangazi na kuanza tena pale ninapojua naweza. Sasa ubao umekuwa mzito, kuubeba ni shughuli, rangi imepasuka pembeni kama tope lililokauka, na mbao nyingine zote ziko vilevile zilivyotoka kwa seremala.

Mwezi ujao mwalimu atapita majumbani kukagua kazi zetu za mwaka. Ataona picha moja. Nitafeli, na shangazi atakuwa amesimama mlangoni akisubiri nisifiwe.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Juzi shangazi aliniletea chai, akauangalia ubao, akauliza, "Yule aliyekuwa anacheka yuko wapi?" Nikasema nimembadilisha kidogo. Akasema, "Nilimpenda yule. Na yule mwenye kitambaa cha kijani. Kila nikimzoea mmoja, nikirudi hayupo." Kisha kwa sauti ya chini, "Nimekukosea nini, mama, unifute hivi?" Nikainama nikaosha brashi. Tangu hapo haingii, kikombe anakiacha mlangoni.

Nimwambie mwalimu ninaumwa? Au niache chuo nitafute kazi ya duka? Naogopa ubao mweupe, namwogopa mwalimu, na sasa namwogopa hata shangazi yangu mwenyewe.

Wako, Mwenye Ubao Mmoja

*

Wewe Mwenye Ubao Mmoja,

Pole sana. Pole yenyewe ni hiyo moja, usisubiri nyingine, kwa sababu barua yako imenipandisha hasira.

Mvivu si wewe, hilo nakubali. Mkono umeufanyisha mazoezi mwaka mzima. Ila kuanza, ambako ndiko kugumu, hujajaribu hata mara moja. Unadhani wenzako wakiona ubao mweupe wanapiga vigelegele? Wanaogopa vilevile, wanaharibu, wanaiacha picha mbaya ikauke, kesho wanaanza nyingine. Hofu yenyewe haiishi. Mimi hapa kila nikifungua bahasha naogopa nitakosa la kusema, na bado nafungua.

Sasa nisikilize. Ule ubao mzito usiuguse tena. Shangazi aliyemo sasa hivi abaki humo. Mbao za seremala zisukume uvunguni kwanza, zimekutia woga wa kutosha. Tafuta maboksi matupu, yakate vipande vidogo, uchore juu yake. Jioni acha sehemu moja, hata mkono wa gauni, ili asubuhi uanzie hapo, na ukishaimaliza ushike kipande kingine mkono ukiwa bado una moto. Kilichokwisha mpelekee shangazi akifungie kabatini, na asikurudishie hata ukilia. Mtu anayetunza nguo za watu hatashindwa kutunza uso wake.

Ugonjwa wa kusingizia sahau. Mwalimu akija, mpe ule ubao aubebe mwenyewe, mwonyeshe ukingo uliopasuka, umwambie mwaka wako wote umo humo ndani na kwa nini. Anaweza kukufelisha, sikufichi. Utarudia mwaka, na watu wanarudia wakaishi. Kuhusu kazi ya duka, ungeitaka nisingekuzuia, lakini wewe hutaki duka, unakimbia.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Shangazi yako alikuuliza swali ana kwa ana, na mpaka leo hujamjibu. Mimi ambaye sikukuuliza chochote umeniandikia barua nzima! Mama wa watu yuko koridoni anapiga pasi huku akidhani uso wake una kasoro. Weka gazeti hili chini, nenda ukamwambie kwamba ulikuwa unaogopa, na kwamba kila ulipomfuta ulikuwa unajifuta wewe. Kisha ibebe ile meza ya pasi uirudishe chumba cha mbele, karibu na dirisha, mfanye kazi wote humo. Tuone kama utathubutu kumfuta akiwa anakuangalia.