Nywele Zangu Zizikwe na Zenu

South Beach, Durban

Mama yangu,

Kwanza mguu wako, unakuacha ulale? Na kile kikohozi? Mimi niko mzima, nakula, nasuka watu pale saluni, na nina hasira. Usicheke. Ni hasira ya afya.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kila nikipiga simu yako anaitika Bahati. "Mama amepumzika." Mama gani huyo wa kupumzika asubuhi mpaka jioni? Ndiyo maana jirani yangu Mama Furaha, anayekuja huko kwa ndege, atakupa barua hii mkononi, na kifurushi.

Yaya Neema, dada yangu wa ukoo, amenieleza yote. Udongo wa kaburi la Papa haujakauka, na huyu Bahati, mtoto wa baba mdogo, anajipimia kiti cha uchifu! Eti siku ya kumaliza matanga, nywele walizonyoa watu wa nyumba zikizikwa kando ya kaburi, ambaye zake hazimo hana mdomo wa kuchagua wala kuchaguliwa. Na anauliza, "Aliye Durban amenyolea wapi?"

Amenyolea saluni, mbele ya wateja! Siku ile ya habari nilichukua mashine nikamaliza kichwa chote. Patroni wangu, mwenye saluni, mama wa Lubumbashi, akapiga kelele: "We mtoto, iko wazimu? Nani atakubali kusukwa na kipara?" Nikamwambia, "Papa amekufa." Akashika ufagio mwenyewe, akatenga nywele zangu na za wateja, akazifunga zangu kwenye kitenge. "Chunga. Hizi hazitupwi."

Sasa sikia. Juzi nilisuka mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Overport, akanipa stori, nami nikaichimba kwenye simu, si unajua Kiingereza nilijifundisha. Zamani sana, mfalme wa Uingereza alibaki na binti tu. Akawaapisha wakubwa wote: nikifa, ni huyu. Kama Papa alivyowaambia wazee pale uwanjani kwamba ni mimi, wewe umekaa hapo hapo! Mfalme akafa, binti yuko ng'ambo ya bahari, ana mimba. Mtoto wa shangazi yake akavuka mbio, akavaa taji. Na walioapa? Wakapiga makofi! Mama, niliacha kusuka. "Nitajie majina yao!" Yule dada akacheka mpaka machozi. "Hawu, dada, walishakufa wote!"

Binti akarudi, akapigana miaka. Imebaki kidogo avikwe taji, watu wa mji wakamfukuza, chakula kiko mezani. Eti ana kiburi. Eish! Mwanaume akiamuru ni chifu, mwanamke akiamuru ni kiburi. Askari wa yule binamu wakamzingira ngomeni wakati wa theluji. Akajifunika nguo nyeupe, akavuka mto ulioganda, akapita askari hivi hivi, hawakumwona! Lakini taji hakuvaa mpaka kufa. Alikuja kuvaa mwanawe.

Yule dada aliona huo ni mwisho mzuri. Mimi nikakataa. Mpaka nizae mwanaume ndipo nihesabiwe? Hapana, Mama. Yeye alichelewa mwanzoni, basi. Mimi sichelewi. Nimeshaaga saluni, nakuja kwa mabasi, nchi kwa nchi. Usinitumie mtu wa kuniambia nitulie.

Nikikawia njiani, nywele ziko kwenye kifurushi. Siku ya matanga zitoe wewe mwenyewe, mbele ya wazee, taja jina langu kwa sauti, zitie shimoni na zenu. Bahati akiuliza ni za nani, mwambie umezisuka wewe tangu sijaota meno. Nani atakubishia?

Nisalimie Yaya Neema, ulimi wake Mungu aubariki. Shangazi, mpishi wa matanga, aniwekee sombe, kile kisamvu chake. Mzee anayepiga ngoma ya Papa, mwambie aanze kukaza ngozi. Na Bahati msalimie pia, kwa heshima zote. Mwambie asizoee kile kiti.

Mimi binti yako, kipara,
Zawadi