Printa Yako Imeitika, Hadia

Shoga yangu Hadia,

Mie huyu, Bikombo wa vitumbua. Ungekuwa hai ungesema, "Haya, Bikombo, leo umekuja na ya nani?" Leo nimekuja na yangu.

Hapa mtaani Madungu wote wazima. Mumeo bado hajaoa, nakwambia mwanzo usihangaike, ijapokuwa mashangazi zake washaanza kumpitishia wachumba mlangoni. Duka lako la kuchapisha limefungwa. Mie nakaanga pale pale barazani pako, lakini hakuna wa kunigongea dirisha, "Bikombo, moshi wako huo!" Kimya kile kinaniumiza masikio.

Sasa sikia. Printa yako imeitika.

Ile ile, wallahi. Uliyoiagiza Unguja, ikaja mpya na nailoni yake, ikawa haisikilizani na kompyuta zako, kwa vile ulizitia ule mfumo wa bure, ambao kila mtu ruhusa kuufungua na kuurekebisha. Ulinieleza huku unatafuna kitumbua: "Printa ni nzima, Bikombo. Inataka dreva tu, kiprogramu cha kuifundisha kompyuta namna ya kusema nayo. Wenye kiwanda wamewatengenezea wa mfumo wa kulipia, sisi wametuacha." Ukawaandikia. Wakajibu hawana mpango huo. Ukaandika tena, na tena, unawapelekea na majaribio yako. Nkakwambia, "Mwanamke we, watakujulia wapi weye wa Chake?" Ukacheka. "Wasiponijua watanichoka."

Juzi Salma, mwanao, kafungua imeili zako. Wamekujibu. Dreva wameitoa, tena wameiweka wazi, anayetaka achukue. Wamekushukuru kwa jina lako. Na ile barua imeingia tumo matangani, tunakusomea hitima.

Salma kaitia dreva. Printa ikanguruma, tukaruka sote wawili, na kabla hajaiamrisha kitu ikatoa karatasi. Salma kasema ni kazi uliyoituma weye mwenyewe siku za mwisho, ukijaribu, ikakaa foleni inangoja. Kaisoma kwa sauti:

"Kompyuta za duka hili hazipotezi cheti cha mtu. Anayesema zinapoteza, aje aone kwa macho yake. Karibuni. Hadia."

Nkakaa chini, Hadia. Sakafuni.

Kwa sababu ni mie. Ile habari ya printa haikunikaa tumboni. Nkaihadithia pale kwenye chuma changu cha kukaangia vitumbua, na unavyonijua, habari bila viungo mie siiwezi. Nkasema kompyuta za bure hazina asili, zinameza vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Nilitaka wacheke tu. Na wakacheka. Kisha wakaja mmoja mmoja kuchukua karatasi zao, hata wale wa mtaa wa Mgogoni, mpaka ukafunga mlango. Homa ilikukuta umekaa ndani, huna kazi.

Na kila asubuhi ukimtuma Salma kwangu. "Mama kasema vile vilivyoungua pembeni." Hivyo ulikuwa ushajua? Mana nani mwengine Madungu mzima angeutunga uwongo ule? Ulijua, na ukala vitumbua vyangu.

Siku ile ulipotolewa, shehe kasimama mbele ya jeneza, kawaomba watu wakusamehe uliyowakosea. Sisi wanawake tumo ndani, tukaitikia: "Tumemsamehe." Sauti yangu juu kuliko wote. Mie! Hakuna aliyekugeukia weye akakuuliza, na wewe, Hadia, umetusamehe? Aliyesengenywa ndiye mwenye radhi yake mkononi, na mkono wako nimeuona unafungwa sandani.

Salma anataka kulifungua duka. Ile karatasi nimeibandika ukutani, juu ya chuma changu, kila anayesubiri kitumbua aisome. Wasiojua kusoma nawasomea. Na kesho naanza nyumba moja moja, hapa Madungu kisha Mgogoni, kote nilikoupeleka uwongo ule. Ntasema, "Ni mie Bikombo, nilisema uwongo." Kwa sauti ile ile niliyousemea. Watanifanya habari ya mwaka, na wanifanye.

Nakuahidi hilo, shoga. Lala. Mola akupanulie kaburi lako. Na siku ntakayofika huko, salamu tutapeana baadaye. Nipe kwanza jibu langu: umenisamehe?

Mwenzio,
Bikombo