Sufuria ya Nyanya

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Huku Mtae hatujambo, ila babu yako kagombana na mbuzi, na mbuzi kashinda.

Umeniuliza utaoteshaje nyanya chumbani kwako Dodoma na hela ya mbegu huna. Kamua nyanya iliyoiva sana, anika mbegu zake kwenye gazeti, kisha zipande kwenye kopo lililotobolewa chini.

Mimi nilipoolewa nilipanda zangu kwenye sufuria inayovuja. Baridi ilikuwa kali, nikaifunika nikaiacha juu ya mafiga, kwenye majivu ya moto, nikaenda kuchota maji. Nyuma yangu akaja mama mkwe kututembelea. Akadhani ni maharage na moto umenizimikia. Kwa huruma akauchochea.

Narudi, udongo unafuka moshi chini ya kifuniko, naye kakaa na sahani mkononi. Akafunua, akatazama, akauliza taratibu, "Mwanangu, kwenu mnakula hiki?"

Nilijua narudishwa kwetu. Nikamweleza ni mbegu za nyanya nimepanda. Akacheka mpaka sahani ikamponyoka, na kesho yake akaniletea mbegu zake.

Kwa hiyo ukipanda, mwambie unayeishi naye. Mama mkwe, hadi uzeeni, alichungulia kwanza sufuria yangu ndipo akasema bismillahi.

Bibi yako wa Mtae