Muhuri Juu ya Ukuta Mbichi

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bosi amemvua Mjomba ovaroli. Uani, mbele ya mafundi wote, saa mbili asubuhi. "Ovaroli ni mali ya kampuni. Iache hapa." Mjomba akafungua vifungo kimoja kimoja, akaikunja vizuri kama anavyokunja kila kitu, akaiweka juu ya ndoo. Akabaki na fulana ya ndani na kaptura. Miaka kumi na tisa ya kupaka rangi, na ametoka getini na fulana ya ndani!

Kosa lake: alikataa kupaka jengo jipya la Mama Hoteli. Plasta ya juzi ile. Mjomba hubandika kipande cha nailoni ukutani, anaziba pande zote nne kwa selotepu, anakiacha hadi kesho yake. Kikitoa jasho kwa ndani, ukuta bado mbichi, hapaki mtu. Siku ya kwanza jasho. Ya pili jasho. Ya tatu jasho. Bosi akasema uzee umemwingia machoni.

Barua ya kumfukuza nimeiandika mimi, karani. "Andika wewe," alisema, "ndiye mwenye lugha nzuri." Anajua fika huyu ni kaka wa mama yangu, aliyenilea na kunisomesha. Nikaandika. Sikukosea hata nukta. Na wakati anavuliwa nilikuwa dirishani — sikutoka nje.

Atalipa. Sijui vipi.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba amefagia uwanja wa nyumba mara mbili. Humu ndani umebaki mshahara wangu tu. Kwa hiyo: tabasamu, shikamoo Bosi, chai yake sukari mbili.

Nafasi ya Mjomba amepewa kaka wa mke wa Bosi. Wote tunamwita Shemeji, hata tusiohusika. Mwezi uliopita alikuwa anauza viatu. Anashika rola kama mwiko.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike hili taratibu.

Kila ukuta una fomu yake. Kisanduku cha saba: nailoni — kavu au mbichi? Kisipojazwa, sipigi muhuri. Bila muhuri, Mama Stoo hatoi hata kopo moja la rangi. Utaratibu huo aliuanzisha Mjomba, nami nimeulinda kama askari wa benki. Bosi anadhani kampuni ina faida kwa sababu ya pikapu mpya na kalenda anazogawa. Faida inatoka kwenye kisanduku cha saba! Rangi yetu haijawahi kubanduka. Ndiyo maana mtu kitasa kikikwama, bomba likipasuka, mlango ukilegea, anatupigia sisi.

Leo Shemeji ameleta fomu ya Mama Hoteli. Cha saba kitupu.

"Na hapa, Shemeji?"

"Nailoni? Dada, mimi nailoni nafungia mikate."

"Ni ya ukutani."

"Kwani ukuta unaogopa mvua?" Akacheka peke yake, akaniangalia kama ninachelewa kucheka.

Nikaingia kwa Bosi. Hakuinua kichwa. Alisema nisimcheleweshe Shemeji, nipige muhuri, tumeshapoteza wiki kwa mambo ya kizee. Nikasema, kwa adabu zote, naomba saini yako pembeni, Bosi. Akaweka! Bila kusoma.

Siku nyingine ningesema mara ya pili. Ningesema Bosi, ukuta ule ni maji matupu, nimemsikia Mjomba. Siku nyingine. Leo nikanyamaza, nikarudi mezani, nikapiga muhuri. Paa!

Mama Stoo alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, mbona hapa peupe?"

"Bosi ameidhinisha."

"Haya. Mimi natoa makopo tu."

Ijumaa, 7 Machi

Mama Hoteli amechagua rangi ya mafuta, ile ya kung'aa. Haipitishi maji. Maji yaliyomo ndani yatatafuta pa kutokea.

Ningeweza kumpigia Mama Hoteli simu. Mpaka saa kumi jioni ningeweza.

Sikupiga.

Jumatano, 12 Machi

Kazi imekwisha. Inang'aa, wanasema unaweza kujichana nywele mbele yake. Bosi amenunulia watu wote soda. "Mnaona? Tungefuata nailoni za yule mzee, saa hizi tungekuwa bado tunangoja ukuta ukauke jasho!" Wakapiga makofi. Nami nikapiga. Soda ilikuwa tamu ajabu.

Mama Hoteli ameahidi kutupa majengo yake mengine matatu. Bosi ameshaagiza pikapu ya pili.

Agiza. Agiza hata tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nina furaha, Mungu anisamehe.

Leo ulikuwa ufunguzi wa jengo la Mama Hoteli. Bosi alinichukua nikagawe kalenda. Yeye suti mpya, kiatu kinalia. Ukuta wa korido ya mapokezi nikauangalia kwanza kwa pembeni: vivimbe, kama ngozi iliyoungua. Kidogo hapa, kikubwa pale, kimoja sawa na sahani. Mtu aliyesimama katikati ya korido asingeviona. Mimi niliviona vyote. Nikaendelea kugawa kalenda.

Kisha mgeni mmoja, mama mnene wa heshima, nguo nyeupe, akaegemea ukuta ili amsikilize Mama Hoteli akihutubia. Lengelenge likapasuka mgongoni kwake. Maji ya chokaa yakamtiririkia hadi kiunoni! Akapiga ukelele. Watu wakageuka. Mtoto wake akabonyeza jingine, akabonyeza na jingine, tap, tap, anafurahi.

Mama Hoteli hakupaza sauti. Alimwita Bosi mbele ya wageni wote, akashika ncha ya rangi iliyobanduka, akaivuta taratibu. Ikatoka upana wa shuka. Akamkabidhi mkononi. "Chukua ngozi yako," alisema, "na hiyo suti ivue, uje ukwangue huku."

Bosi alisimama pale ameshika lile gamba kama mtu aliyevuliwa nguo. Nikahesabu moyoni mpaka kumi na tisa. Nilitaka aendelee kusimama.

Jumatatu, 24 Machi

Hofu imerudi. Bosi ametuita wote uani. Nani alipitisha ukuta ule? Shemeji akanyoosha kidole kabla swali halijaisha: "Muhuri ni wa karani!"

Nikatoa fomu. Sauti yangu ilikuwa ya panya. Nikasema kisanduku kililetwa kitupu, nikauliza, na hii hapa ni saini ya Bosi. Mafundi wakatazama viatu vyao. Mama Stoo akakohoa — kikohozi kile nakijua, ni kicheko.

Bosi akaisoma saini yake mara tatu, utadhani ni ya mtu mwingine. Akaikunja fomu, akaitia mfukoni.

Hajanifukuza. Bado. Ananiangalia sasa. Zamani alikuwa haniangalii.

Jumatano, 26 Machi

Jioni pikapu imesimama mlangoni kwetu. Bosi! Ameketi kwenye kiti chetu chenye mguu mbovu, akamwita Mjomba "mzee wangu". Mama Hoteli ametoa siku kumi. Ukwanguliwe ukuta wote, ukaushwe, upakwe upya, la sivyo kila mwenye nyumba mjini atasikia. Hakuna anayeweza ila Mjomba.

Nilikuwa nyuma ya pazia, nangoja. Sema akuombe radhi, Mjomba. Mbele ya watu, uani, kama alivyokufanyia. Sema!

Mjomba akauliza: "Madirisha mnayafungua mchana?"

Basi. Hilo tu! Amekubali. Kibarua wa siku, chini ya Shemeji, nguo zake mwenyewe. Ovaroli haikutajwa.

Bosi alipoondoka nilimfuata Mjomba jikoni, nikamwambia umejishusha. Akauliza fomu ile ilipita mezani kwangu? Ilipita. Kisanduku ulikiona? Nilikiona. Ukajua? Nikajua.

Akakwaruza rangi kavu kwenye kucha.

"Yeye alinikosea mimi," alisema. "Ukuta ulikukosea nini?"

Sijawahi kuaibishwa hivi. Na sijamsamehe Bosi hata chembe. Yote mawili yamo, hayagusani.

Ijumaa, 28 Machi

Mezani kwangu, ofisini, saa tano. Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la maombi ya vifaa; wanadhani najaza maombi.

Shemeji ameleta fomu mpya. Bweni la wanafunzi wauguzi, ghorofa mbili, plasta ya wiki hii. Nimeona pikapu inapeleka saruji Jumatatu! Cha saba safari hii kimejazwa: KAVU. Amekijaza hapa hapa mbele yangu, kwa kalamu aliyoazima kwangu. Na kwenye "Msimamizi" hakuandika jina lake. Ameandika la Mjomba, majina yote matatu, na saini si ya Mjomba.

"Mjomba wako amerudi kazini," anasema. "Furahi basi. Piga."

Wamejifunza. Malengelenge yakitoka, mwenye kuvuliwa atakuwa yule yule, na safari hii kwa karatasi.

Nimesema wino umekauka. Anasema atangoja. Amevuta kiti. Anapiga mluzi.

Bosi amefungua mlango. Kuna nini? "Muhuri, Bosi. Karani wako leo mzito." Bosi anasema niupige, Mama Stoo anangoja, gari linangoja. Nimesema sijui nimeuweka wapi. Wanautafuta. Droo ya kwanza. Ya pili. Shemeji yuko chini ya meza kwa magoti, suruali imeshika vumbi.

Nimeukalia. Unaniumiza paja.

Mama Stoo amekuja kusimama mlangoni. Mafundi wawili nyuma yake, wana brashi mikononi. Fomu nimeishika kwa kiwiko isipeperuke. Bosi ameacha kutafuta. Ananiangalia kitini.

Anasema nisimame.